Neno ni la Pasta, Mimi Nitoe Salamu

Wenye ukurasa huu, ficheni jina langu, lakini hasira yangu msiifiche. Iwekeni vile ilivyo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, sijaolewa, naishi na mama yangu upande wa Kathiani na ninafundisha somo la dini katika shule ya sekondari. Niko na digrii mbili za theolojia. Ile ya pili, ya uzamili, niliisoma likizo baada ya likizo. Wenzangu wakienda kwao Krismasi, mimi nimebaki chuoni na Kigiriki. Sijigambi. Nasema ili mjue ni nani huyu anayeambiwa atoe salamu.

Kwa wale hawajui, kanisani kwetu mwanamke hahubiri. Akipewa nafasi ya kusema, hata afundishe Maandiko kutoka mwanzo hadi mwisho, hiyo inaitwa salamu. Anasimama chini karibu na kinanda, hapandi madhabahuni. Mwanamume akisema yale yale, tena vibaya, hilo ni Neno. Nimetoa salamu tangu nimalize chuo. Watu wanalia, watu wanaokoka, halafu anayeongoza ibada anashika maikrofoni: "Tunamshukuru dada kwa salamu. Sasa tujiandae kwa Neno." Kwani mimi nilikuwa nasoma nini pale, hali ya hewa?

Nikavumilia. Kisha Pasta wetu naye akaingia chuo kusoma uzamili, ile ile yangu, na Kigiriki kikamshinda kabisa. Akawa anakuja kwetu Jumamosi, mama anampikia chai na viazi vitamu, mimi namfundisha. Nyumbani alikuwa ananiita Mwalimu. "Mwalimu, hapa nimepotea tena." Kesho yake kanisani mimi ni dada tu. Nikampa tasnifu yangu asome, sehemu zingine nikamsomea mwenyewe kwa sauti, aone vile kazi huandikwa. Niliandika juu ya wale wanawake walioenda kaburini asubuhi ya Pasaka, wakatumwa wawaambie wanaume kwamba Bwana amefufuka. Hoja yangu ilikuwa moja: kazi waliyopewa, ukiangalia Kigiriki chake, ni kutangaza. Wao ndio wa kwanza kutumwa na Neno.

Pasaka ikafika. Pasta akapanda madhabahuni, akafungua mdomo, na mimi nikasikia kazi yangu. Mfano wangu wa mama aliyeacha mtungi mtoni akakimbia kuita majirani, ulikuwa hapo. Kigiriki changu, hapo. Hata mahali mimi huvuta pumzi, naye akavuta. Nikasema moyoni, sawa, wacha akule jasho langu, angalau leo wanawake watasikia. Kumbe bado! Alipofika mwisho akafunga kitabu, akacheka kidogo. "Lakini mtambue, wapendwa, hao wanawake hawakuhubiri. Walipeleka salamu. Mahubiri yaliwangoja wanaume."

Kanisa likapiga makofi. Amina, amina! Na Amina iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya mama yangu, amekaa hapa kando yangu.

Baada ya ibada nikamfuata Pasta ofisini. Nikamwambia, "Pasta, umechukua kazi yangu, halafu ukaigeuza inipige mimi mwenyewe." Hata haya hakuona. "Mwalimu, mbona unajisikia hivyo? Neno la Mungu halina mwenyewe." Nikamuuliza, kama halina mwenyewe, mbona likitoka kwangu linageuka salamu? Akaangalia saa yake, ati ana wagonjwa wa kutembelea.

Mahubiri hayo yalinaswa kwa kaseti, na mama akanunua. Kila jioni akichambua maharagwe anaiweka, na mimi nikisahihisha vitabu vya wanafunzi nasikiliza akili yangu ikitoka kwa mdomo wa yule mtu. Siku moja nikaizima. Nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, hayo maneno ni yangu. Mimi ndiye niliyeandika." Mama akaniangalia kama mtoto mwenye homa. "Yako? Si ni ya Mungu?"

Nikamweleza pole pole mpaka akaelewa. Na alipoelewa ikawa mbaya zaidi. Akaweka ungo chini. "Mwiitu wakwa, binti yangu, baba yako alizikwa vizuri na hawa watu. Mimi pia nataka wanizike. Ukimwaibisha Pasta, nani atakuja hapa kuniimbia?" Niliwasha ile kaseti tena, nikatoka nje nikalia kwa hasira.

Sasa Pasta amehitimu. Kanisa linamfanyia ibada ya shukrani, wageni watatoka mpaka Kola na Katangi, na mimi nimewekwa kutoa salamu za akina mama. Jumapili iliyopita alinishika mkono mlangoni, meno yote nje. "Salamu fupi, Mwalimu. Usituletee Kigiriki." Kigiriki! Mimi niliyemfundisha kuandika alfa!

Nimekasirika hata chakula hakipiti. Nikinyamaza, huyu mtu atapigiwa makofi kwa kazi yangu mbele ya macho yangu, na wale wasichana ninaowafundisha dini wataendelea kuambiwa wao ni watu wa salamu. Nikisema, mama yangu atarudi nyumbani bila kanisa, katika umri ule. Ameshaambiwa atakaa kiti cha mbele. Kitenge chake kizuri ameshakitoa kwa sanduku, amekianika kitoke harufu.

Nyinyi mnaosoma hapa, hasa mlio na mama mzee, nisaidieni. Siku hiyo nitasimama chini karibu na kinanda, maikrofoni mkononi, mama akinitazama. Nikifungua mdomo, nitoe salamu, au nitoe Neno?