Wajukuu, Koti na Bukari ku Bahari

Batu ba siku hizi habajui kupumzika, na mutoto yangu mwanamuke njo mukubwa wabo. Aliolewa ku Dar es Salaam, bwana yake anatoa mizigo ku bandari, na beko na batoto babili: musichana wa myaka tano na kijana wa tatu. Minye niko muntu wa Likasi, nauzisha pneu za makamio, matairi ya malori. Masomo sikuimaliza, hata ile ya primaire. Lakini nyumba yangu iko na étage, ni gorofa, na ule bwana anapanga ku chini iko na diplome, anapita mbele yangu na kuvua kofia. Nasema ile juu mujue nani anaandika.

Kila mwaka nilikuwa naomba mutoto yangu kintu kimoja: unitumie batoto ku likizo kubwa. Bibi yangu, mama yake, alishakufa, ile étage yote nalala peke, nasikia panya banatembea sawa benye nyumba. Kila mwaka anakatala. Ati Likasi iko na vumbi, iko na asidi, makamio ya mine ya shaba inakimbia sana, na weye papa hujui kulinda batoto.

Nilimuuliza mu telefone: "Na weye, nani alikulea?"

"Mama njo alinilea. Weye ulikuwa unakuya kula."

Nilikata telefone. Muntu haongei vile na papa yake, hata kama ni kweli.

Basi nilienda ku Dar kununua pneu, safari ya basi kupitia Zambia, na nilifika miguu imevimba sawa mihogo. Mutoto yangu akanipatia maji ya kuoga, chakula, na kisha akanipatia sheria.

"Papa, nitakupima. Samedi utatembea na batoto siku muzima, weye peke. Bakirudi muzuri, tutaongea mambo ya Likasi. Bakirudi mubaya, usiniombe tena."

"Minye kupimwa? Na weye?"

"Na minye."

Akafungua telefone yake, akanionyesha programme. Saa tatu, makumbusho. Saa tano, kreme ya baridi. Saa saba, batoto balale. Saa tisa, kuogelea ku piscine ya oteli. Katikati ya ile yote, taksi, kupaka mafuta ya jua, kunawa mikono, kubadilisha nguo.

"Mama," nilimuambia, juu kwetu mutoto mwanamuke tunamuita mama hata akikuudhi, "hii haina kutembea, hii ni poste ya usini, zamu ya kiwanda. Na batu ba usini ya Shituru balikuwa na saa ya kuikala chini."

"Papa, batoto banachoka kama hakuna programme."

"Banachoka juu ya programme!"

Kwetu, siku ya kutembea haiombi akili mingi. Munaenda ku muto Lufira, kule ngambo ya Koni penye kizuizi cha maji, munachagua pahali pamoja penye kivuli, munatandika kitenge. Munawasha mbabula, munapika bukari, ile ugali yetu, na maji ya muto, munakula, munalala. Batoto banajichunga bo benyewe, sawa kuku. Magaribi unabahesabu, unarudia. Kama umetembea pahali pabili, ile ni kazi, omba mushahara.

Njo vile nilipanga. Ku soko nilinunua unga, samaki kidogo za kukausha, makala, na mbabula ndogo ambayo kule banaita jiko. Samedi asubuhi nilivaa koti, tai na viatu byangu bya ngozi. Mutoto yangu alinikuta ku mulango.

"Papa! Ku bahari na koti?"

"Unapenda nitembee na wajukuu sawa mwizi?"

Musichana alinishika tai, akaivuta. "Kaku, kwani unaenda kuoa?" Kaku ni jina ya babu kwetu. Ile alikuwa anaijua. Kuheshimu Kaku, hapana.

Tulifika ku ufuko wa batu bote, penye hakuna kulipa. Nilichagua muti moja, nikatandika, nikakalia pale, kazi yangu ikaisha. Batoto balikimbia ku maji, barudi, bakimbia, barudi. Kijana alikula muchanga kidogo. Nilimuangalia: hakukufa. Akaacha mwenyewe.

Jua ikapanda, nikawasha mbabula. Maji ya kunywa ilikuwa mu chupa, na ile niliilindia batoto. Ya bukari sikubeba. Nani anaenda ku maji na kubeba maji? Najua bahari iko na chumvi, siko mujinga. Nilisema tu: muzuri, chumvi imeshaingia. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikateka sufuria muzima.

Karibu na sisi kulikuwa mama moja anachoma mihogo na kuuzisha. Aliniangalia muda murefu.

"Mzee, unafanya nini?"

"Napika."

"Kwa maji hayo?"

"Uko na ingine?"

Akageuka, akaita mwenzake kwa sauti ya soko: "Shoga! Njoo haraka, huyu baba anapika bahari!"

Bakawa batatu, bakasimama na mikono ku kiuno. Minye nilisonga bukari sawa hakuna muntu. Ilitoka muzuri kwa macho, nyeupe, ngumu, inangʼaa. Nilikata kipande, nikatia mu kinywa mbele yabo bote, na ulimi yangu ikapenda kurudia Likasi bila minye. Nilitafuna. Nilimeza. Siwezi kutema mbele ya wanamuke batatu na koti mu mwili.

"Tamu?" mama wa mihogo aliuliza.

"Sana."

Kijana alionja, akatema ku suruali yangu. Musichana alinusa tu. "Kaku, hii ni dawa ya minyoo?"

Wale wanamuke balicheka mpaka moja akaikala chini. Na minye nilikuwa na batoto babili benye njaa, mutihani yangu inaenda kuanguka kabla ya saa saba, na mulima wa bukari wenye hakuna mbwa angeomba.

Lakini ile bukari ilikuwa inashikana kushinda muchanga. Musichana alifinya kipande, akafanya nyumba. Akaniuliza nyumba yangu iko namna gani. Nilimufanyia, na étage. Akaniuliza kando yake kuko nini. Basi nilitoa koti, nikapiga magoti, nikajenga Likasi: shemine ya usini, ile bomba ya moshi, murefu mpaka ikainama, reli ya Shituru kwa zile samaki za kukausha, muto na kizuizi cha Koni. Kijana akawa treni. Alikuwa anapita juu ya batu bote, na kupiga honi.

Kisha kunguru bakashuka. Kule ni bengi na habaogope muntu. Moja alingʼoa shemine, ingine akakula étage yangu, na ile chumvi haikubasumbua. Mu muda kidogo mji ulikwisha, na wale kunguru balitembea pale na tumbo mbele sawa ba-chef.

"Kaku, shemine ya kweli kunguru anaweza kuila?"

"Ile? Atavunja mudomo."

Nilinunua mihogo. Batoto balikula na pilipili mpaka machozi, bakakunywa maji yote ya chupa, bakalala juu ya koti yangu. Hakuna muntu aliwaambia ni saa ya kulala.

Tuliporudia, mutoto yangu alifungua mulango na alama ya mto ku shavu. Alilala siku muzima. Minye nilipanga namna ya kuelezea, lakini musichana hakunipatia nafasi.

"Mama! Kaku amepika ugali na maji ya bahari, kunguru wakala Likasi yote!"

Mutoto yangu alitoa bukari mu nywele ya kijana, akaniangalia.

"Mukubwa ataenda," alisema. "Kijana bado mudogo."

Nilimuambia minye siuzishe pneu moja moja. Alisema ni moja ao hakuna. Nilikuwa nafungua kinywa nimujibu, wakati kijana alielewa.

Alianguka chini. "Na mimi! Na mimi kwa Kaku!" Alipiga miguu ku kiti, ku ukuta, ku mama yake. Jirani alitoa kichwa ku dirisha. Mutoto yangu aliniambia: "Papa, munyamazishe!"

Nilitoa viatu, nikakaa muzuri mu kiti. Mutoto iko na haki ya kulia. Alilia mpaka mama yake akashika kichwa na kusema basi, basi, baende bote babili.