Cheti cha Baba Kwenye Grupu la Mpira

Aibu hii nimejitafutia mwenyewe. Timu yetu ya taifa ilikuwa inacheza na Burundi, nami niko sebuleni hapa Mpanda, nimejipaka rangi za bendera mpaka masikioni. Kwenye grupu letu la mashabiki mtandaoni, jamaa wa kijiji cha Sitalike akashangilia bao la Burundi.

Nikamwandikia, “Rudi kwenu, Mrundi wewe!”

“Wewe Mtanzania wa wapi? Toa ushahidi,” akanijibu.

Kwa hasira nikapiga picha cheti cha uraia cha baba kilichoning'inia ukutani, nikairusha picha kwenye grupu. Nembo ya taifa niliiona. Maandishi ya chini nikayasahau.

Jamaa akawasomea wote: “Uraia wa awali, Burundi. Habari za kwetu, ndugu yangu?”

Grupu zima likanicheka. Nikawajibu, “Ndiyo! Baba yangu aliapa kuwa Mtanzania. Nyie mliapa lini?”