Kamba Nyekundu ya Moteri

Sogea karibu, mwanangu, weka simu chini kidogo, unisikilize kabla hujaingia majini. Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu: asubuhi niliyoificha kamba ya moteri ya mume wangu ndani ya fundo la kikwembe changu, kitambaa nilichojifunga kiunoni.

Tulikaa mjini, mtaa wa Naviundu, lakini mtumbwi wake ulikuwa Kasenga, kwenye mto Luapula. Kwa kuogopa wezi, kila mara alirudi na moteri ya mtumbwi juu ya kamiyo, lori la mizigo, imelazwa kama mgonjwa. Alirudi pia na samaki wa moshi, wamefungwa kwa majani na kukazwa kwa mafundo mawili yaliyolingana. Wengine waliona samaki. Mimi niliona mafundo. Nani anamfungia hivi mwanaume asiye wake?

"Mama Sera njo anafungaka, anakaushaka samaki kule," alinijibu huku akimega bukari, ugali wetu.

Alilitaja jina lile bila kuinua macho, na hapo ndipo nilipoungua. Tangu siku hiyo nilinusa mashati yake, nikahesabu siku zake za safari. Wivu hauhitaji kuni, mwanangu, unajichoma wenyewe.

Sasa ile kamba. Ni fupi, nyekundu. Ncha moja inafungwa kwenye mkono wa mwendeshaji. Nyingine ina kipande cha plastiki kinachobanwa kwenye swichi. Kipande kikichomoka, moteri inazima. Mtu akianguka majini, kamba inavutika, na moteri inakufa kabla mtumbwi haujageuka na kumrudia. Hayo yote alinieleza mwenyewe. "Bila kamba, hakuna safari," alisema. Mimi nikashika maneno hayo tu, nikaificha ili asiende.

Asubuhi ile aliitumbukiza moteri kwenye pipa la maji, kuijaribu. Akaona kamba haipo.

"Kamba iko wapi?"

"Uliza Mama Sera. Pengine ulimwachia ukumbusho."

Hakucheka. Alimwita mdogo wake, Kalenga, aliyekuwa akitengeneza jenereta za matajiri kule mtaa wa Golf. Kalenga akachomoa waya wa swichi, akavuta kamba ya kuwashia mara moja. Moteri ikanguruma.

"Unaona, yaya?" alimwambia kaka yake. "Moteri haina kitu. Ile swichi njo inakataza. Ukitaka kuzima, chomoa mupira ya esansi, ile ya kuleta mafuta."

Kuchomoa waya ni njia nzuri ya kujua kama tatizo liko kwenye swichi. Lakini huko ni kupima, si kutengeneza. Kalenga alipima, akaacha vile vile. Na mimi nilisimama pale, dawa ya moteri ile imo kiunoni mwangu, nikanyamaza. Kama ningefungua fundo, angejua mimi ni mtu wa namna gani. Akaondoka.

Kesho yake nilipanda kamiyo kumfuata. Hata leo sijui kama nilifuata kwa hofu au kwa wivu.

Nilimkuta amelazwa mkekani, karibu na majiko ya samaki. Wimbi lilimtupa majini, moteri ikaendelea kuzunguka peke yake, ikamrudia na kumkata mguu. Aliyemvuta nje ni Mama Sera. Mguu ulikuwa umefungwa kitambaa, na juu ya kitambaa, mafundo mawili yaliyolingana. Nilimtazama mwenye mafundo. Alikuwa mzuri. Sitakudanganya.

Nikafungua fundo la kikwembe, nikaiweka kamba chini. Mama Sera aliiokota.

"Kama miye njo nilikukosea, ungekuya kunitukana miye," alisema. "Moteri ilikukosea nini?"

Mume wangu aligeuza uso, akatazama mto.

Mguu ule anauburuta mpaka leo. Kama palikuwa na jambo kati yao, sijui. Nilikuwa na haki ya kuuliza, lakini kwa kamba ile niliipoteza. Ni yeye sasa aliyekuwa na la kuniuliza, na hajaniuliza hata siku moja. Hilo ni zito kuliko tusi.

Mwanangu, wahenga walisema mficha uchi hazai. Moyo ukikuwakia, uliza kwa kinywa, hata kama sauti inatetemeka. Usiutume mkono wako kusema kilichokushinda kusema. Na chombo kikikataa, usikichukie, kuna kinachokikataza. Moteri ikigoma, tazama kwanza kama kipande cha kamba kimebanwa vizuri. Kisha tazama kama gia iko katikati, kwa maana nyingine haziwaki zikiwa kwenye gia. Ukichomoa waya wa swichi na moteri ikawaka, basi swichi ni mbovu: tafuta nyingine, uurudishe waya mahali pake. Haraka haitakuponya.

Mungu akulindie nyumba yako, na akulindie unayempenda, juu ya maji na juu ya nchi kavu. Na kabla hujaacha ukingo, kila safari, funga kamba mkononi, washa moteri, kisha vuta kamba. Isipozima, usiondoke.