Binti yangu anaolewa, nimeambiwa nije nipike na nisiseme neno

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana huku kwetu ukurasa huu unasomwa kuliko matangazo ya kanisani. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, Mgogo, naishi kijiji kimoja huku Mvumi. Nina mtoto mmoja tu wa kike, nimwite Neema ingawa siyo jina lake. Ana miaka ishirini na tano na anaolewa. Nawaandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Baba yake aliondoka Neema akiwa darasa la pili. Aliaga anakwenda Mtera kuvua samaki, mambo yakikaa sawa atatuita. Kumbe alipata mwanamke mwingine huko, akajenga, akazaa, akatulia. Hajawahi kutuletea hata perege mmoja mkavu. Mimi nimelea kwa kuwapikia mafundi ujenzi Dodoma mjini, wali maharage kila siku ya Mungu, mvua zikianza narudi kijijini kulima karanga. Neema kasoma mpaka chuo, leo ni mwalimu. Nyumba nimejenga mimi. Hata zizi nyuma ya nyumba, miti nimekata mwenyewe na kufunga mwenyewe, ndugu wa mume wakipita wananicheka.

Mwaka huu akaja mchumba, kijana mzuri tu, sina neno naye. Mshenga alikuja kwangu, tukaelewana, tukapanga siku ya kuleta ng'ombe wa mahari. Habari zikamfikia shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume. Hakuja kuniuliza chochote. Alipiga simu Mtera.

Siku yenyewe, asubuhi, namwona baba Neema anaingia uani na koti lake na fimbo mkononi, kama mtu aliyetoka sokoni sasa hivi. Neema na binti wa dada yangu walikuwa wamekaa wanachambua mchele. Mwanaume yule akamfuata binti wa dada yangu, akamshika bega, akamwambia, "Mwanangu, umekua." Mtoto wa watu akaduwaa. Neema alikuwa hapo hapo pembeni, ungo magotini. Akanyanyuka akaingia ndani. Nikajua kesi imeishia hapo, mtu mwenye haya angeaga akaondoka. Yeye akavuta kiti akakaa.

Wageni walipofika na ng'ombe, wanaume wakakaa kwenye viti ambavyo nimeviazima mimi. Shemeji akaniambia, "Shemeji, wewe nenda jikoni, haya ni mambo ya ng'ombe." Nikaenda jikoni, nikachukua kigoda, nikarudi nikakaa katikati yao. Shemeji akauliza, "Tangu lini mwanamke akakaa kikao cha mahari?" Nikamjibu, "Tangu leo. Na wewe, tangu lini ukaleta baba asiyemjua mwanawe kwa sura?" Baba Neema akadakia kwamba damu ni yake, mila inajulikana, ng'ombe wanakwenda kwa kaka yake. Sikubishana naye. Nilikwenda kutoa miti ya mlango wa zizi langu, nikasimama pale. Nikawaambia, "Ng'ombe wa Neema wanaingia humu, napokea mimi. La sivyo warudi walikotoka."

Mzee wa upande wa pili akasema hawawezi kumkabidhi mwanamke ng'ombe, watachekwa huko kwao. Wakawaswaga wakaondoka. Chakula nilichopika kikabaki.

Shemeji akanishtaki kwa mtendaji wa kijiji kwamba nimefanya fujo. Mtendaji akasema mbele yetu wote kwamba binti ni mtu mzima, na kisheria ndoa haivunjiki kwa sababu ya mahari. Nikamwambia basi niandike mimi kuwa mpokeaji. Akakuna kichwa. "Mama, hapo utanigombanisha na wazee." Yaani sheria anaijua yote, lakini anayeogopa wazee ndiye kakalia kiti.

Tangu hapo bombani nikifika wenzangu wanaacha kuongea. Mama yangu mzazi kaniambia nimewavua nguo. Shemeji naye anazunguka kijiji kizima akisema ng'ombe wakipokelewa na mwanamke, binti hazai. Maneno hayo yamemwingia mwanangu.

Neema alikuja juzi. Hata kukaa hakukaa. "Mama, wameshakubaliana. Jumamosi ng'ombe wanakwenda kwa baba mkubwa. Usiniharibie tena." Nikamwambia, "Neema, yule mtu hakukujua." Akasema, "Najua mama, nilikuwepo. Lakini wale wakwe nitaishi nao mimi, wewe hutakuwepo."

Akaniambia nimetengewa mkaja, doti ya khanga, eti shukrani ya uzazi. Kisha akasema, "Uje upike, mama. Uje na sufuria zako, kule hawana kubwa. Ila ukifika usiseme neno."

Jamani, ng'ombe siwataki. Nilitaka mtu mmoja tu anigeukie mbele ya watu aniulize, "Mama, unatupatia binti?" Nami ningeitikia, basi, hata kama wangewaswaga wote mpaka Mtera. Sufuria anazozitaka ndizo zilizomsomesha. Nisipokwenda, mwanangu anatolewa bila mama, na namjua, hatanisamehe. Nikienda nikakaa kimya jikoni, yule mwanaume atakuwa amekaa kwenye kiti changu nami nampakulia.

Wanaotaka kuniambia nimwachie Mungu, hayo nimeshaambiwa na kanisa zima. Nataka ushauri wa watu wenye watoto. Sufuria nimeshazisugua, ziko hapa mlangoni. Jumamosi nizibebe, au nizirudishe ndani?