Mimba ya Eda

Teke la kwanza lilinikuta nimeinama kwenye beseni, natapika. Aliyenipiga ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. La pili lilinipata ubavuni, beseni likapinduka, nikalala juu ya matapishi yangu mwenyewe, nikiwa na nguo zangu za eda.

"Sema ni ya nani!" alifoka.

Nitasemaje? Mume wangu alipooza mwaka mzima kabla hajafa, hata kugeuka kitandani ni mpaka nimgeuze mimi. Sasa mjane wake, aliyekaa eda ndani, kila akila wali anaurudisha, na juu ya kitovu kumevimba. Kilwa nzima walishapiga hesabu. Mama mkwe alisimama mlangoni na tasbihi mkononi.

"Mpige tu huyo mtu wa milimani," alisema. "Kamzika mwanangu na aibu."

"Wallahi, mama, sina mimba. Choo changu cheusi kama lami. Nakufa mimi!"

"Ufe na haramu yako."

Mimi si mtu wa kulialia. Mguu ulipoinuka mara ya tatu niliudaka, nikaung'ata kifundoni mpaka nikaonja damu. Lo, alivyopiga yowe lile dume zima! Wakanikokota kwa nywele hadi barazani, eda haijaisha, kichwa wazi, majirani wanatazama. Hicho kichwa wazi kiliniuma kuliko mateke.

Jirani mmoja alimpigia simu kaka yangu, naye jioni ileile akashuka kutoka Kipatimu na panga, akanikuta bado nimelala barazani. Wao wakajifungia ndani, naye akaucharanga mlango mpaka vipande vya mbao vikaruka.

"Kaka, ukiua utafungwa," nilimwambia kutoka pale chini. "Mimi nani atanipeleka hospitali?"

Akalitupa panga, akalia kwa hasira, akanibeba hadi kwenye basi la Lindi.

Hospitali walianza na mkojo: mimba hakuna. Damu ilikuwa imekaribia kuniisha, wakaniongezea, kisha wakanipeleka kwenye hospitali kubwa yenye kipimo cha kamera. Ni mpira mwembamba, unaumeza mwenyewe. Ulipopita kooni nilimzaba kofi nesi aliyenishika. Mungu anisamehe, mkono ulikwenda wenyewe. Wakanishika watu watatu.

"Hapa chakula kinapotoka tumboni kuingia utumbo mwembamba, pana uvimbe umening'inia," daktari alisema. "Umeziba njia, na unavuja damu. Ni nadra sana. Mimi mwenyewe nilikuwa nausoma vitabuni tu."

"Ni saratani?"

"Hatujui mpaka tuukate tuupime."

Ungekuwa mdogo wangeukata kwa tanzi la waya kupitia mdomoni humohumo. Huu ulikuwa mkubwa mno, basi wakanipasua. Kipande kikaenda maabara, na siku majibu yalipokuja daktari alitabasamu.

"Si saratani. Ni tezi za utumbo tu zimekua. Uvimbe huu hauna ubaya."

Hauna ubaya! Nilicheka mpaka mshono ukawaka moto. Umeninyonya damu, umenivunja ubavu kwa mguu wa mtu, umenitoa kwenye nyumba ya mume wangu kwa nywele, halafu hauna ubaya. Nikamwomba kipande kilichobaki. Alisita, akanipa ndani ya chupa yenye dawa, akaniambia nisiifungue.

Nilirudi Kilwa nikawakuta wanakula, mama na mwanawe.

"Shikamoo, mama."

Alimega tonge lingine. Nikaketi mkekani, nikaiweka chupa katikati, kando ya sinia la wali. Kile kinyama kikacheza ndani ya dawa, kimepauka, duara, kama ngumi ya mtoto mchanga.

"Mjukuu wako huyo," nilimwambia. "Mimba yote ndiyo hiyo. Haya, mpe jina."

Tasbihi ikamponyoka mama mkwe. Shemeji alitazama mara moja tu, akaziba mdomo, akakimbilia uani akichechemea. Tukamsikia anatapika. Nikainuka nikamfuata, taratibu, maana mshono ulikuwa bado mbichi. Nilimkuta ameinama, ameshika ukuta. Nikamsimamia kichwani.

"Sema ni ya nani," nikamwambia.