Mama Masizi na Mashine ya Kuchanganyia

Pale karakana ya plastiki walimwita Mama Masizi, na jina hilo hakulionea kinyongo. Kinyongo alikiweka kwa watu. Wa kwanza mumewe, aliyemwacha kwa kisa eti mwanamke gani ana kucha nyeusi kama fundi magari. Wa pili shemeji yake, ndugu wa huyo huyo mume na msimamizi wa zamu. Kila mchanganyiko mzuri uliotoka mikononi mwa Mama Masizi, shemeji aliubeba kwa mhandisi: "Kazi yangu hii."

Sasa mhandisi alitaka mtu mmoja wa kukabidhiwa mashine. Shemeji akajitaja, akamwonyesha Mama Masizi ufagio kwa kidevu.

Mama Masizi akamvutia mhandisi kigoda. "Kaa hapa, mwanangu. Ulinifundisha mwenyewe. Leo tuchanganye mimi na shemeji, nawe utazame."

Kazi yenyewe ni ya upatanishi. Plastiki mbili zisizopikika chungu kimoja, kama wake wenza, huyeyushwa pamoja. Kisha hutiwa unga mweusi wa grafini, jamii ya kaboni, uliobandikwa chembe za fedha, ukae katikati yao na kuzishikanisha. Unga huo hautaki pupa. Ukimwagwa wote huganda madonge, na plastiki hukatikia hapo hapo.

Shemeji alitangulia na, kwa kutaka kuonekana hodari, alimimina kopo zima. Zamu yake ilipofika, Mama Masizi alidondosha kwa kijiko, kidogo kidogo, sikio likiwa kwenye mngurumo wa mashine.

"Unailisha uji, shemeji?" msimamizi akamdhihaki.

"Ndiyo. Yako imeshapaliwa."

Vipande vilipopoa vikafungwa kwenye mtambo wa kuvivuta kupima uimara. Cha shemeji kilikatika kwa mlio, na palipokatika pakaonekana donge jeusi kama mbegu ya papai. Cha Mama Masizi kilivutwa, kikarefuka, kikakonda, kikagoma kukatika.

Mhandisi akainuka na ufunguo wa mashine. "Ni yako, mama."

"Mimi ndiye niliyemfundi..." shemeji alianza.

"Wewe? Ulichonifundisha ni kunyang'anywa tu!" Mama Masizi akamkata.

Jioni ile Mama Masizi hakunawa. Alipita katikati ya barabara, kifua mbele, hadi kwenye duka la yule mume aliyemwacha. Akaitandaza mikono yote miwili juu ya kaunta, kucha nyeusi tii, ufunguo ukining'inia kidoleni.

"Nipe sabuni," alisema. "Ila usihangaike kukimbia kuileta. Sina haraka ya kunawa."