Nyasi Mbele ya Jaji

Nimekuwa karani wa Wakili Navin Vadgama tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na wacha niseme mapema: si mtu rahisi. Chai yake lazima iwe na tangawizi mpaka ikuchome koo, simu yake huiacha popote, na mwandiko wake ni mimi peke yangu ninayeuweza. Lakini ukiniuliza ni nani hapa Kitengela anayeijua Katiba na bado anawajua watu, sina jina lingine la kukupa.

Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Wageni wakiona jina la Kihindi mlangoni hudhani ni mtu wa Nairobi aliyefuata ploti. Kumbe huyu ni mtoto wa Kajiado. Baba yake alikuwa na duka pale mjini, la sukari, blanketi na shanga, na Navin alijifunza Kimaasai kwenye kaunta kabla hajajua Kiingereza. Wazee wa huko mpaka leo humwita Ole Duka, yaani mwana wa Duka, naye huitika kwa furaha.

Kilichomfanya awe wakili alinisimulia mara moja tu, siku tuliyokwama ofisini kwa mvua. Alikuwa bado shule ya msingi. Kulikuwa na fujo mwaka huo, na vijana wakaja na marungu kuvunja duka lao. Baba yake alikuwa amekwenda Nairobi kununua bidhaa. Mama yake, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia sukari tu, akajificha na watoto nyuma ya magunia. Ndipo jirani yao, mama mmoja Mmaasai, alipong'oa nyasi kando ya barabara, akasimama mlangoni na kuziinua mbele ya nyuso za wale vijana. Hakupiga kelele wala kutukana mtu. Vijana walinung'unika, wakatema mate chini, wakaenda zao. Kwa desturi ya huko, anayekuinulia nyasi hivyo anakusihi uache, na ukiendelea baada ya hapo, laana ni yako mwenyewe.

"Caro, hakukuwa na polisi hata mmoja," mzee aliniambia. "Lakini sheria ilikuwepo. Niliiona na macho yangu."

Akasomea sheria Nairobi, akafanya kazi na mawakili wakubwa, kisha akarudi nyumbani wakati ndugu zake wote walikuwa wakihamia ng'ambo. Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kesi za mipaka, mirathi na ng'ombe waliogongwa na malori. Katiba mpya ilipopitishwa mwaka wa 2010 alikuwa na mvi tayari, lakini ungemwona ungesema ni mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Alitembea na Katiba hiyo mfukoni. Aliisoma na watu sokoni, makanisani, mpaka Matasia kwa waendesha bodaboda. Alitetea watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa vyeti vya kuzaliwa, wakarudi darasani. Alitetea wachuuzi waliobomolewa vibanda bila notisi, wakajengewa vingine. Majaji wa Nairobi walinukuu kesi zake, na yeye akawa anauliza tu kama chai iko tayari.

Mawakili wachanga waling'ang'ania kufunzwa naye. Mmoja alikuwa Lemein, kijana Mmaasai wa huku huku kwetu, mwerevu mpaka anaudhi. Mzee alimpenda kama mwanawe. Hata mimi nilimpenda, ingawa alikuwa akimaliza biskuti zangu.

Mwaka jana tulikutana na Lemein huyo mahakamani Kajiado, akiwa upande wa pili.

Kampuni moja ya kujenga nyumba ilitaka kuziba kwa ukuta njia ya ng'ombe inayoshuka mtoni. Mama Soila, mjane anayeishi karibu na njia hiyo, hana maji mengine. Ingefungwa, angeuza ng'ombe wote na kuhama boma alikomzika mumewe. Alikuja ofisini, na mzee akamsalimia, "Takwenya, yeyo," vile mtu husalimia mama yake. Mama akaitikia salamu kwa Kimaasai, "Iko," ndipo machozi yakamtoka. Mimi ni wa ukoo wa watu walioingia Kitengela na seng'enge, na ploti yangu ina geti la chuma, lakini siku hiyo niliwachukia watu wa kuta wote.

Kampuni ilidai kwamba jamii ilishirikishwa na ikakubali, na ilikuwa na video ya mkutano. Ndani yake Soila na akina mama wenzake wanaonekana wakiinua nyasi mbele ya wakubwa wa kampuni.

"Mzee, hapa tumeisha," nilimwambia. "Nyasi huinuliwa pia kwa baraka. Watasema walikuwa wanasherehekea."

"Wacha waseme."

"Si uwaambie maana yake!"

"Wakili hawezi kuwa shahidi, Caro. Nikijua, nisijue, mdomo wangu umefungwa."

Siku ya kesi Soila alikuja na kikapu kilichofunikwa leso yenye unyevu. Lemein alimhoji kwa adabu, lakini bila huruma.

"Mama, huyu kwa video ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umeinua nyasi?"

"Nimeinua."

"Na kwetu nyasi ni baraka. Ama si hivyo?"

"Ni baraka, lakini..."

"Asante, mama. Hiyo inatosha."

Nilitamani kumrushia kiatu. Jaji, mama ambaye hakuwa mtu wa Kajiado, aliandika kitu. Mzee akainuka polepole, magoti yakilalamika, akaomba jambo moja tu.

"Yeyo, onyesha mahakama vile ulifanya siku hiyo. Wakili Lemein atasimama pahali walisimama watu wa kampuni."

Lemein akaruka kupinga, na kwa kuruka akawa amesimama pale pale alipotakiwa. Soila akafunua kikapu. Zilikuwa nyasi mbichi za njia ile ile ya mtoni. Akaziinua kwa mikono miwili, mbele ya uso wa kijana huyo, akamtazama machoni.

Lemein alirudi nyuma hatua moja.

"Wakili Lemein," Jaji akasema, "unaendelea na pingamizi lako?"

"Mheshimiwa, mimi nimezaliwa hapa. Siwezi kuendelea mbele ya hii nyasi."

"Inamaanisha nini?"

Aliwageukia wateja wake, ambao walikuwa wamemkazia macho, kisha akamgeukia Soila.

"Inamaanisha, tafadhali, acheni."

Jaji aliuliza kama hilo liandikwe. Lemein akasema liandikwe.

Uamuzi ulipotoka ulisema kwamba watu waliosihi hawawezi kuhesabiwa kuwa wamekubali, na njia ikabaki wazi. Lakini mimi huikumbuka zaidi ile saa ya kutoka nje siku ya nyasi. Lemein alitukuta uani, tai imelegea, wateja wake wamekwisha kumfokea. Alikuwa amekasirika, na nilimwelewa.

"Mzee, ulijua niko na jibu. Si ungeniuliza tu kando, tuelewane?"

"Ningekuuliza kando, ungenijibu kama wakili," mzee akasema. "Mama amekuuliza kama mtoto wake."

 Lemein akaenda mpaka kwa Soila, akainamisha kichwa mbele yake vile watoto wa huko huinamia wakubwa wao ili wasalimiwe. Soila alihamishia nyasi mkono mmoja, na kwa ule mwingine akamgusa utosini.